Mwili Wako Hauwezi

Kuna maneno matatu niliyoyasema Jumamosi moja ya mwaka 2007 ambayo hadi leo ningependa kuyarudisha kinywani, lakini wapi! Niliyasema katika ukumbi wa kukodi hapa Nairobi, viti vimerundikwa ukutani, harufu ya chai ya mkutano wa akina mama bado haijatoka. Nilimwambia msichana wa miaka 13: "Mwili wako hauwezi."

Wala sikumvamia. Aliniuliza mwenyewe, kwa adabu, baada ya wenzake kutoka. "Ticha, niambie ukweli. Nitafika?" Hakusema kufika wapi, na haikuwa lazima, kwani sote wawili tulijua. Alikuwa na diski moja ya Swan Lake iliyokwaruzika hata wale mabata-maji wakawa wanagandaganda kila wakifika ziwani, na aliijua yote kwa moyo. Mama yake aliuza mitumba Gikomba. Kila Jumamosi alinitumia shilingi 300, noti zimekunjwa hata zikawa ndogo kama kidonge. Basi mtoto kauliza, mwalimu kajibu. Kosa liko wapi?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulifikirie pamoja. Je, mwalimu ana haki ya kumwambia mtu kwamba mwili wake hauwezi? Nimewauliza marafiki. Wengine husema bila kufikiri: ukweli husemwa, tena mapema, mtoto asipoteze ujana wake na pesa za mama yake. Wengine nao wanaruka upande wa pili: ati usimkatishe mtoto tamaa, kila ndoto ni halali. Mimi naona pande zote mbili zina haraka mno. Zinadhani tunajua maneno hayo yanasema nini. Mimi nimeyabeba miaka mingi, kwanza kama mtu aliyeambiwa, halafu kama mtu aliyesema, na nakuhakikishia kwamba ndani yake kuna habari mbili tofauti zilizofungwa kwenye karatasi moja.

Niliambiwa mwaka 1988, nikiwa na miaka 14. Mwalimu wangu wa baleti alikuwa mama wa Kizungu aliyekuwa amecheza Ulaya ujanani mwake. Usidhani kwetu tulikuwa na uwezo wa kulipia baleti. Baba alikuwa karani wa reli siku za kazi na mpiga kinanda wa kanisa siku ya Jumapili, na yule mama alimwajiri kupiga piano darasani Jumatano jioni. Sehemu ya mshahara wake ilikuwa mimi: nisimame safu ya nyuma, nijifunze bure. Baba hakuwa na vitabu vya muziki wa baleti. Alichofanya ni kuchukua nyimbo za kanisani, akazipiga polepole sana na kuzipamba mkono wa kulia, na watoto wa mabalozi wakakunja magoti yao kwa nyimbo za ibada ya mazishi pasipo mtu kujua isipokuwa mimi na yeye. Nilikuwa nikiuma midomo nisicheke.

Siku ile yule mama alinishika kiuno mbele ya kioo akasema nyonga zangu hazifunguki, na umbo langu la nyuma linavunja mstari. Kwa hiyo baleti ya kazi niisahau, niendelee kwa afya tu. Hakusema kwa ukali. Baba alikuwa palepale. Alifunika kinanda taratibu, tukatoka, tukapanda basi, tukafika karibu na nyumbani ndipo akafungua kinywa: "Huyo mama anajua kazi yake." Hayo ndiyo yaliyoniuma. Ya mwalimu ningeyavumilia.

Sasa tuyafungue maneno ya yule mama. Alisema mambo mawili kwa pumzi moja, nami nikayameza kama jambo moja.

La kwanza ni nyonga. Baleti inataka miguu ielekee nje, kuanzia juu kabisa mahali paja linapoingia kiunoni. Pale fupa la paja lina kichwa cha mviringo, nacho kinakaa ndani ya kikombe. Kuna watu ambao kikombe chao ni cha kina kirefu au kimeelekea mbele zaidi, na shingo ya fupa lao imepinda kwa namna ambayo paja likigeuka kidogo tu, mfupa unagonga mfupa. Kano unaweza kuzilainisha kwa mazoezi ya miaka, lakini mfupa hausikii maombi. Walimu wetu hupenda ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki hana nyonga. Mtoto asiye na mgeuko wa juu hutafuta wa chini: anaganda nyayo zake sakafuni zikiwa zimetazamana na kuta, halafu goti linabaki limeangalia mbele likinyongwa katikati. Ukitaka kumjua mtoto anayelazimisha, usiangalie miguu, angalia magoti yakikunjwa: kama hayaendi juu ya vidole, anajiumiza. Mwalimu anayeona hivyo akanyamaza kwa sababu ada inaingia, huyo simwiti mpole. Namwita mwizi. Katika hilo niko pamoja na wale wa kusema ukweli.

La pili ni mstari, na hapa ndipo penye hila. Mstari ni nini? Ni jinsi mtazamaji anavyopenda kuona mwili ukichorwa hewani. Mfupa haukudai hivyo, watu ndio waliodai. Mwaka 1661 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyekuwa mchezaji mwenyewe, alianzisha chuo cha kifalme cha ngoma, na mwalimu wake Pierre Beauchamp ndiye anayetajwa kuziratibu zile nafasi tano za miguu tunazofundisha hadi leo. Ni adabu za ikulu zile. Jinsi bwana mkubwa anavyosimama, anavyoonyesha soksi zake, anavyoingia chumbani. Baadaye yakaja majumba ya maonyesho, yakaja mavazi mepesi, yakaja macho ya watu waliolipa tikiti, na kila zama zikaongeza tamaa zao: shingo ndefu, mguu mrefu, kiuno chembamba, na huku nyuma pasiwe na kitu. Sasa mtu anapokwambia makalio yako yanavunja mstari, hajakupa habari ya mwili wako. Amekupa habari ya macho yake. Lakini kwa kuwa ameitamka pamoja na ya nyonga, kwa sauti ileile ya kidaktari, wewe unaipokea kama mfupa.

Hila hii ina historia. Katika miaka ya 1930, Janet Collins, msichana Mweusi aliyelelewa Los Angeles, alijaribiwa na kampuni ya Ballet Russe de Monte Carlo. Walimwona anaweza. Wakamwambia sharti moja tu: jukwaani itabidi apakwe rangi nyeupe usoni. Alikataa, akaondoka. Mwaka 1951 alikuwa mchezaji mkuu wa baleti katika jumba la Metropolitan Opera mjini New York, akiwa Mweusi wa kwanza kufika hapo. Angalau wale wa Monte Carlo walikuwa na uwazi wa ajabu: walisema ni rangi. Fikiria ni wangapi walioambiwa tu kwamba nyayo zao ni bapa, ama misuli yao ni mizito, wakaenda zao wakiamini. Arthur Mitchell alipojiunga na New York City Ballet mwaka 1955, kisha akaanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969 pamoja na mwalimu wake Karel Shook, alikuwa anajibu hoja hii kwa njia pekee inayojibika, yaani kwa kufundisha watoto na kuwapandisha jukwaani. Hata soksi na viatu vya wachezaji wake wakavipaka rangi ya ngozi zao wenyewe, kwani ile pinki ya kawaida inamkata mtu Mweusi vipande viwili kwenye kifundo cha mguu. Na wale wenye mstari hawakuwahi kuliona hilo kuwa ni kuvunja mstari! Ilibidi tufike mwaka 2018 ndipo kiwanda mashuhuri cha London kikaanza kuuza viatu vya ncha vya rangi ya kahawia. Kabla ya hapo tulikuwa tunapaka poda ya uso juu ya satini kwa sifongo. Mimi nimewahi kutumia majani ya chai.

Lakini nisije nikakudanganya kwamba jambo zima ni rangi. Agrippina Vaganova alikuwa Mrusi wa St. Petersburg, alihitimu shule ya kifalme mwaka 1897. Walimwona hana sura wala miguu ya kupendeza. Ufundi wake ulikuwa wa kutisha, ila cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa kike alipewa mwaka 1915, na 1916 akastaafu. Mwaka mmoja! Kisha akageuka mwalimu, akaandika kitabu kilichotoka 1934, akamfundisha Galina Ulanova na wengine wengi, na shule ileile leo inaitwa kwa jina lake. Mimi huwaza juu ya mama huyu mara kwa mara. Ninavyodhani, mtu aliyepewa kila kitu na mwili wake hana haja ya kuuliza kitu kinafanyikaje. Yeye alilazimika kuuliza. Ila (na hili husemwa kwa nadra) shule yenye jina lake nayo huchagua watoto kwa kuwapima viungo, na wengi hurudishwa nyumbani. Sijui angejionaje akisimama kwenye mstari ule akiwa na miaka 10.

Mimi niliacha baleti mwaka ule wa 1988 kwa miezi mitatu. Aliyenirudisha ni shosho, mama yake baba, ambaye hakujua baleti ni nini. Nilimweleza kwamba nimeambiwa ngoma ya Wazungu haikai katika mwili wangu. Akacheka. Akaniambia kwamba yeye ujanani alicheza mwomboko. Kama hujui, mwomboko ni ngoma ya Wagikuyu ya miaka ya 1940: kodiani, kile chuma cha mviringo kinachogongwa, wanaume na wanawake wameshikana wawili wawili, hatua mbili kisha goti linakunjwa. Waliiona kwa Wazungu wakicheza dansi zao, wakaichukua, wakaigeuza ikawa yao. "Hatukuuliza mtu kama miili yetu inafaa," akasema. Baadaye nimeona kasoro ya hoja yake, maana mwomboko haukumdai mtu ageuze nyonga digrii 60. Lakini wakati ule ilinitosha. Nikarudi safu ya nyuma.

Mwaka 1993 kanisa la baba lilifanya harambee, nikaenda London kusomea ualimu wa ngoma kwa miaka miwili. Nasema ualimu, kwa sababu uchezaji sikuthubutu kuomba. Huko ndiko nilikokutana na jazi. Nikiwaambia wazee wa kwetu kwamba nilisomea jazi wanatabasamu, wanadhani ni Shirati Jazz au Morogoro Jazz, na mimi sina nguvu za kuwasahihisha. Huenda hata hawajakosea sana.

Darasa la kwanza la jazi lilinifanya nilie chooni. Miguu sambamba! Hakuna aliyeniambia nigeuze. Magoti yamekunjwa, kiuno chini karibu na ardhi, halafu unatenga: kichwa peke yake, mabega peke yake, mbavu peke yake, nyonga peke yake, kila kimoja na mdundo wake. Mwalimu alitueleza habari za Katherine Dunham, mwanafunzi wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyekuwa amesomea baleti pia, ambaye mwaka 1935 na 1936 alikwenda Jamaika, Haiti na visiwa jirani kuchunguza ngoma za watu waliotoka Afrika utumwani, akarudi na kutengeneza mbinu ya kufundishia mwili ambamo baleti na zile ngoma vinakaa meza moja. Nikawaza: kumbe nyonga iliyokuwa aibu Jumatano jioni, huku ni chombo cha kazi.

Ningeishia hapo ungekuwa wimbo mzuri. Baleti mbaya, jazi nzuri, mtoto wa Afrika karudi nyumbani. La hasha. Ndani ya wiki sita nikagundua kwamba jazi nayo ina mlango na bawabu wake. Njia tuliyofundishwa ilitoka kwa Jack Cole, Mmarekani aliyechanganya mdundo wa swing na ngoma za Kihindi, ikapitia kwa mfuasi wake Matt Mattox, aliyefundisha London miaka ya 1970. Ni ngumu kama hesabu. Mabega yangu yalikataa kutengana na shingo. Siku moja mwalimu alinipita akiguna: ati nilitarajia wewe utakuwa na mdundo zaidi. Unaona? Yule wa Nairobi aliutazama mwili wangu akaona hauwezi, huyu wa London aliutazama akaona lazima uweze. Hakuna aliyekuwa amenipima.

Nilirudi nyumbani 1995 nikaanza kufundisha, baleti kwa sababu ndiyo inayolipiwa, jazi kwa sababu naipenda. Hapo sasa ndipo naungama. Kuna kinyongo ndani ya ualimu wa ngoma ambacho hatukizungumzii. Wengi wetu tunafundisha kitu tulichonyimwa. Mtoto akisimama mbele yako, hauko peke yako naye, yupo pia yule mtoto uliyekuwa wewe. Ukimwona mwanafunzi aliyekupita, unaweza kumpenda kuliko kiasi. Ukimwona anayefanana nawe, Mungu akusaidie.

Yule msichana wa Gikomba alifanana nami. Umbo lilelile, mapaja yaleyale, hata ile tabia ya kuuma midomo. Alipouliza kama atafika, sikufikiri hata dakika. Maneno yalikuwa tayari yamekaa mdomoni kwa miaka 19. Alisema "asante, ticha," akachukua begi lake. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Nikajiambia nimemtendea haki. Nimemwokolea mama yake pesa. Nilijiambia hivyo miaka 9.

Mwaka 2016 niliingia duka la M-Pesa kutoa pesa, na aliyekaa nyuma ya kile kidirisha cha waya akasema, "Ticha!" Amekuwa mwanamke kamili, kucha nyekundu. Akanieleza kwamba alicheza mahotelini Pwani, misimu miwili, kwenye vikundi vya kuburudisha watalii, kisha akachoka. Hakuwa na hasira. Alinisogezea kile kitabu niweke sahihi, halafu akasema kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka: "Nilitaka sana kukuuliza. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba mwili wangu hauwezi. Ulipima?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Niliweka sahihi, nikachukua pesa, nikasema jambo fulani la kipuuzi kuhusu uzoefu wa macho ya mwalimu. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Sikupima, msomaji. Kumpima mtu nyonga ni kazi ya dakika 2. Unamlaza kifudifudi, unakunja goti moja unyayo uangalie dari, unashikilia kiuno kisiinuke, halafu unaacha mguu uanguke taratibu upande wa ndani na kuangalia unasimama wapi. Nilijifunza London, nimepasi mtihani wake. Kwa yule mtoto sikufanya. Nakumbuka magoti yake yalikuwa hayaendi juu ya vidole, hivyo huenda nilikuwa sahihi. Huenda mfupa wake ulikuwa umekataa kweli. Huenda pia alikuwa na nguvu kidogo tu za misuli ya ndani, jambo ambalo mwaka mmoja wa kazi ungelitengeneza. Sitajua kamwe. Nilimpa hukumu niliyopewa mimi, kama mtu anavyorithisha koti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na unaruhusiwa kuupinga. Mwalimu anayeulizwa lazima ajibu, kunyamaza si upole. Lakini "mwili wako hauwezi" si jibu, kwa sababu mwili hauwezi nini? Kugeuka digrii ngapi, kwa hesabu ya nani? Ningeweza kumwambia: nyonga yako inafika hapa, ukilazimisha zaidi goti litaharibika. Kampuni kubwa zinazocheza ile Swan Lake unayoipenda hudai zaidi ya hapo, na pia hudai umbo ambalo ni tamaa yao tu, na mimi hiyo tamaa naiona ya kijinga, ila ndiyo inayoajiri. Yangekuwa maneno mengi, na pengine angelia vilevile. Lakini angejua analia kwa ajili ya lipi, na lipi akalipiganie.

Siku hizi kila mwanafunzi mpya nalala naye sakafuni, yaani yeye kifudifudi na mimi nimepiga magoti na kipima pembe cha shule, kile cha plastiki cha watoto wa darasa la sita. Wazazi wananiona nimechanganyikiwa. Juzi ilikuwa zamu ya mvulana wa miaka 11 kutoka Kayole, aliyeletwa na dada yake. Mguu wa kushoto ukasimama kwenye 45. Wa kulia ukasimama mapema.

"Ni ngapi, ticha?" akauliza, shavu limebanwa sakafuni.

"Thelathini na tano."

Akanyamaza kidogo. "Inatosha?"

"Inatosha nini?" nikamuuliza. "Niambie kwanza unataka kucheza nini."

Akainua kichwa, akamtazama dada yake, akaanza kunieleza.